Nafasi ya Kidole Gumba

Hapa Hancock, Michigan, theluji huanza Oktoba,
na kwa miaka hamsini na mitatu nimeuza viatu:
vya shule, vya mgodini mgodi ulipokuwa hai,
vya arusi, vya maziko.
Nimeupigia magoti mji mzima.

Baba alinifunza sheria moja tu:
mtoto usimpe kiatu kinachomkaa.
Bonyeza mbele, tafuta ncha ya kidole,
kisha acha nafasi ya kidole gumba,
kwa kuwa huo mguu bado uko njiani.

Darrell Pruitt nilimpima akiwa na miaka saba.
Soksi ilikuwa imetoboka, akaificha aibu
kwa kukunja vidole.
Lempi, mke wangu, akampa soksi mpya bure
na peremende ya mnanaa.

Akiwa na kumi na mitano alirudi, kwa mlango wa nyuma,
na nyundo ya babake.
Drooni mlikuwa na dola sitini na nne.
Sitasimulia zaidi. Waliosimulia walilipwa;
walileta picha, wakazibandika ubaoni,
nami nikatazama sakafu.

Ndipo nikaviona viatu vyake.
Wakili alikuwa amemwazimia suti na viatu vya mtu mzima,
nambari kumi kwa mguu wa nambari nane.
Alipoitwa vilipiga vigae, pwa, pwa.
Mwendesha mashtaka akasema: tendo la mtu mzima,
adhabu ya mtu mzima.
Pwa, pwa, hadi mbele ya jaji.
Kifungo cha maisha, bila mlango wa kutokea.
Nikasema moyoni: hicho hakitampwaya.
Usiku ule nililala, mara ya kwanza tangu Machi.

Sisi wa ziwani tunamjua samaki:
hukunjwa angali mbichi.
Ukishamkausha moshini kisha ukamkunja,
unavunja, hukunji.
Lakini hayo niliyawaza baadaye sana,
na si kila siku.

Mwaka huu ikaja barua. Sheria imegeuka;
waliofungwa wakiwa watoto watasikilizwa upya.
Binti yangu Aila akapiga simu, analia kwa hasira:
"Na mama, atasikilizwa upya lini?"
Sikuwa na jibu. Sina.

Akaingia mtu mwenye kipara na miwani,
miaka arobaini na mitatu,
umri ule ule niliokuwa nao mimi usiku wa nyundo.
Daktari akaeleza kwa michoro ubongo wa kijana,
kwamba breki ndizo hufungwa mwisho.
Wakili wa serikali akasema kaburi halikui.
Wote wawili walisema kweli,
na kweli zao hazikusalimiana.

Nami, ugonjwa wa kazi, nikatazama miguu.
Raba za gereza, nyeupe, za kuchomeka,
visigino vimekanyagwa vikalala.
Mguu wa kumi na moja, naapa, umetiwa ndani ya tisa.
Kumbe ulikua kule ndani.
Nani aliupima?

Jaji Vandersloot akauliza kama nina neno.
Nilikuwa na kurasa nne. Maneno yalikuwa yangu, makali,
na sijafuta hata moja.
Niliyasoma yote: soksi, peremende,
ufunguo wa duka uliokutwa mkononi mwa Lempi.
Mwishoni, pasipoandikwa kitu, nikaongeza:
"Viatu vyake vinambana."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kwa woga.
Darrell akakunja vidole ndani ya raba.

Hukumu itasomwa Alhamisi.
Aila hajapiga simu tangu siku ile,
nami simlaumu.
Dukani, rafu ya chini, nambari kumi na moja
imebaki pea moja, nyeusi, ya kamba.
Sijaishusha.
Naipangusa vumbi, naiacha pale pale.